Semina ya vijana kigangoni: hoja za Kikatoliki za kutetea uhai, nizipange vipi?

Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo.

Nina semina ya vijana wa kigango, kidato cha tatu hadi wa vyuo, na Paroko amenipa mada: "Kwa nini Kanisa linapinga utoaji mimba". Muda ni saa moja na nusu. Muhtasari tulio nao ni wa ukurasa mmoja: Amri ya Tano, Yeremia 1:5, Zaburi ya 139, na sentensi ya mwisho "kutoa mimba ni kuua". Vijana wa sasa hawaondoki na hapo. Maswali yatakayokuja nayajua:

Roho inaingia lini? Kama Kanisa lenyewe halijatamka, linakatazaje? Mimba ikitunga nje ya kizazi, mama aachwe afe? Aliyebakwa je? Na aliyekwisha kutoa, akiungama kwa padre yeyote inatosha au lazima aende kwa askofu?

Naomba hoja na namba za hati. Mahubiri ninayo ya kutosha.

---

Mwalimu wa Maadili

Milele Amina, Katekista. Yeremia 1:5 usiitupe, ila usianze nayo. Ukianza na Maandiko peke yake, kijana wa kwanza asiye Mkatoliki atakwambia "hiyo ni imani yenu", na semina imeishia hapo. Kanisa lenyewe halianzi hivyo. Linasema jambo hili linafikiwa kwa akili, kisha imani inalithibitisha.

Hoja ina nguzo mbili. Ya kwanza: kumuua moja kwa moja na kwa kusudi binadamu asiye na hatia ni kosa zito daima (Evangelium Vitae, waraka wa Papa Yohane Paulo II, 1995, namba 57). Ya pili: aliyemo tumboni ni binadamu, na hana hatia. Hitimisho liko namba 62. Andika nguzo hizo ubaoni na uziache hapo mpaka mwisho. Kila swali likija, muulize aliyeuliza anagonga nguzo ipi. Utashangaa jinsi kelele zinavyopungua, kwa sababu mara nyingi mmoja anapinga ya kwanza huku mwenzake anatetea ya pili, na wote wawili wanaona wamejibiwa ovyo.

Nguzo ya pili inasimama kwenye biolojia ya kidato. Mbegu ina kromosomu 23, yai 23. Zikiungana anapatikana kiumbe mwenye 46, asiye sehemu ya mwili wa mama wala wa baba, anayejiendesha kukua kwa mpango wake mwenyewe. Anajipandikiza kwenye ukuta wa kizazi kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi. Baada ya kuungana kule hakuna hatua nyingine ambapo kitu cha aina moja kinageuka kuwa cha aina nyingine. Kinachoendelea ni kukua. Hapo nakuonya juu ya jambo ambalo wazungumzaji wetu hulipenda mno: usijenge hoja juu ya mapigo ya moyo. Moyo huonekana ukidunda kwenye ultrasaundi karibu na wiki ya 6, na picha ile inagusa watu kweli, lakini ukiitumia kama hoja umekubali bila kujua kwamba wiki ya 4 hakukuwa na mtu.

Kuhusu roho, sema ukweli wote. Tamko la Idara ya Mafundisho ya Imani la tarehe 18 Novemba 1974 liliacha kwa makusudi swali la lini roho inatiwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alimfuata Aristotle, akaona roho ya kibinadamu inakuja baadaye. Kwa hesabu ya Aristotle ni siku 40 kwa mtoto wa kiume na 90 kwa wa kike. Na bado Thoma alihesabu utoaji mimba wa mapema kuwa dhambi nzito. Kanisa linajibu kwa hoja ya shaka, ipo Evangelium Vitae namba 60: uwezekano tu kwamba aliyepo ni mtu unatosha kukataza tendo la kumuua. Mwindaji akiona kichaka kinatikisika na hajui kama ni swala au mtoto anayeokota kuni, hapigi. Kwa hiyo anayesema "hamjui roho inaingia lini, basi ruhusuni" ameigeuza hoja kichwa chini. Kutojua ndiko kunakomzuia.

Na akitokea msomi wa historia akasema Kanisa limebadilika? Adhabu zimebadilika, ni kweli. Papa Sixtus V mwaka 1588 aliweka adhabu kali kwa kila utoaji, mapema au baadaye. Gregory XIV mwaka 1591 akairudisha kwa mimba iliyodhaniwa kuwa na roho tu. Pius IX mwaka 1869 akauondoa utofauti huo. Hukumu ya kimaadili haikuyumba katika muda wote huo. Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, sura ya 2, inakataza wazi kumuua mtoto kwa kutoa mimba. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa kale, naye aliandika kwamba anayetarajiwa kuwa mtu tayari ni mtu.

Maandiko yaje hapa, baada ya hayo. Zaburi 139:13-16, na Luka 1:41-44 Yohane anaporuka tumboni mwa Elizabeti. Uwe tayari pia kwa Kutoka 21:22, maana watu huileta kuonyesha kwamba kijusi kililipiwa faini tu. Kifungu kile ni sheria ya fidia kwa wanaume waliopigana na kumwumiza mjamzito bila kumkusudia. Hakizungumzii aliyekusudia.

---

Msomaji Huru

Mimi si Mkatoliki, naongezea pingamizi ambazo Katekista hakuziandika, maana hizo ndizo zenye meno.

Moja. Tuseme nguzo ya pili ni kweli, ni binadamu kamili. Hata hivyo hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumpa mwingine figo, hata kama atakufa bila hiyo. Kwa nini mwanamke alazimishwe kutoa mwili mzima kwa miezi tisa?

Mbili. Viinitete vingi hufa vyenyewe kabla mama hajajua ana mimba. Kama hao wote ni watu, mbona Kanisa haliombolezi?

Tatu. Kanisa hilo hilo lilikubali adhabu ya kifo kwa karne nyingi.

---

Mwalimu wa Maadili

Pingamizi nzuri, ndugu. Nakujibu kwa mpangilio wako.

Figo: asiyetoa figo hamuui mgonjwa, figo iliyoharibika ndiyo inayomuua. Utoaji mimba haumwachi mtoto afe kwa ugonjwa wake. Unamuua, kwa dawa au kwa chombo, naye ni mzima. Halafu mgonjwa wa figo ni mtu baki, huyu ni mwana. Sheria za nchi karibu zote zinamdai mzazi matunzo ambayo hazimdai jirani. Mwenye mtoto mchanga akimfungia ndani siku tatu akaenda zake, hatuiti hiyo haki ya mwili. Nakubaliana nawe kwamba mzigo wa mimba ni mkubwa na unaangukia upande mmoja. Hilo linatudai sisi tulio pembeni, baba wa mtoto akiwa wa kwanza.

Vifo vya asili: kulikuwa na zama ambapo watoto wengi sana walikufa kabla ya miaka mitano, na hakuna aliyesema kwa hiyo si watu, au kwamba kuwaua kunaruhusiwa. Wingi wa vifo hausemi lolote kuhusu aliyekufa ni nani.

Adhabu ya kifo: nguzo ya kwanza inasema "asiye na hatia", na ndiyo sababu masuala haya mawili yalitenganishwa zamani. Tangu 2018 Katekisimu namba 2267 inasema adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia hadhi ya mtu. Kwa hiyo mwelekeo umekwenda upande wa kutetea zaidi. Ongeza na hili, kwa kuwa vijana wa vyuo wataliuliza: Kanisa linakataa pia kutunga mimba maabara (hati za Roma Donum Vitae ya 1987 na Dignitas Personae ya 2008), na sababu mojawapo ni viinitete vinavyogandishwa au kutupwa. Watu wengi wanaotetea uhai hupenda kuliruka hilo kwa sababu wana ndugu waliopata watoto kwa njia hiyo. Usiliruke. Sema tu kwamba mtoto aliyezaliwa hivyo ana hadhi ileile kamili.

---

Mkunga wa Zamu

Katekista, mimi nashika swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote, na likijibiwa vibaya mtu anaweza kufa.

Kwanza futa sentensi hii kichwani: "Kanisa linaruhusu kutoa mimba kama mama yuko hatarini." Haliruhusu. Na futa ya pili pia: "Kanisa linataka mama afe ili mtoto apone." Halitaki. Kinachoruhusiwa ni kutibu ugonjwa wa mama hata kama matokeo yake, yanayojulikana ila yasiyotafutwa, ni kifo cha mtoto. Papa Pius XII alilifafanua Novemba 1951: tiba ya haraka isiyotegemea kuwepo kwa mimba, ambayo kifo cha mtoto kinaifuata pembeni, si mauaji ya moja kwa moja.

Wanamaadili wanaiita kanuni ya matokeo mawili, nayo ina masharti manne. Tendo lenyewe lisiwe baya. Baya lisikusudiwe. Zuri lisipatikane kwa njia ya lile baya. Na pawe na sababu nzito inayolingana. Sharti linalowaangusha watu ni la tatu.

Sasa mimba ya nje. Ni kama 1 hadi 2 katika mimba 100, na zaidi ya tisa katika kila kumi ya hizo ziko kwenye mrija. Dalili huanza mara nyingi wiki ya 6 hadi 8: hedhi imekosekana, maumivu upande mmoja wa tumbo chini, damu kidogo nyeusinyeusi, kizunguzungu. Maumivu ya ncha ya bega yanaashiria damu imeshamwagika tumboni. Huyo apelekwe penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, asipitishwe zahanati kusubiri kipimo cha mkojo kirudiwe kesho.

Kimaadili iko hivi. Jambo la kwanza ultrasaundi ionyeshe kama mtoto yu hai. Mara nyingi hayuko hai tena, na hapo hakuna swali lolote la maadili, tibu. Akiwa hai, kukata sehemu ya mrija iliyoharibika, inayovuja au iliyo karibu kupasuka, kunakubaliwa na wanamaadili Wakatoliki karibu wote: kinachoondolewa ni kiungo kilichougua, na mtoto anakufa kwa sababu hakuna njia ya kumhamishia kwenye kizazi. Kuna njia nyingine mbili: kupasua mrija na kumtoa yeye peke yake huku mrija ukibaki, na sindano ya methotreksate. Hapo wanamaadili wamegawanyika na Roma haijatoa hukumu ya mwisho. Wanaokubali sindano wanasema inalenga chembe za kondo zinazochimba ukuta wa mrija. Wanaokataa wanasema chembe zile ni sehemu ya mtoto mwenyewe. Mbele ya vijana sema "hili bado linajadiliwa" na uendelee. Usijifanye hakimu.

Zipo pia mimba za nje zinazoisha zenyewe, homoni ya mimba ikishuka kila inapopimwa. Kusubiri kwa namna hiyo ni kwa anayefuatiliwa hospitalini na anayekaa karibu nayo. Asiruhusiwe kurudi kijijini kilomita hamsini na barabara ya mvua.

Kesi ya pili ni chupa kupasuka mapema, tuseme wiki ya 18 au 20. Bila maambukizi, mnaweza kusubiri na dawa za kuzuia bakteria. Lakini joto likifika 38, mapigo ya mama yakienda mbio, maji yakinuka, kizazi kikiuma ukikigusa, maambukizi yameingia na chanzo chake ni utando uliomo ndani. Kuanzisha uchungu ili kuutoa utando huo kunaruhusiwa hata kama mtoto bado hawezi kuishi nje. Mwongozo wa maaskofu wa Marekani kwa hospitali zao, kipengele cha 47, unasema hivyo kwa jumla: tiba inayolenga moja kwa moja ugonjwa mzito wa mama, ambayo haiwezi kuahirishwa salama, inaruhusiwa. Kosa hapa huwa ni woga. Mhudumu anasubiri moyo wa mtoto usimame wenyewe ili dhamiri yake itulie, na wakati huo sumu inaenea kwenye damu ya mama. Kanisa halijamdai hivyo.

Kifafa cha mimba: presha 160/110 na kuendelea, kichwa kinauma, macho yana ukungu. Magnesiamu salfeti kwanza. Kwa utaratibu uliozoeleka ni gramu 4 kwenye mshipa polepole na gramu 5 kila tako, halafu dawa ya presha, halafu kuzalisha. Mtoto akiwa amefikia umri wa kuweza kuishi, kuzalisha mapema hakuna ubishi: ni kujifungua kabla ya wakati, na mtoto anapewa kila huduma iliyopo.

Mimba iliyoharibika yenyewe, mtoto ameshafariki, mabaki yamebaki: kusafisha kwa pampu ya mkono au kwa dawa si utoaji mimba kwa maana ya Kanisa. Kuna mabinti wanaokaa nyumbani na damu kwa siku nyingi wakiogopa kuitwa wauaji. Hata aliyetoa kwa siri akaja anavuja damu, anatibiwa kama wengine, hospitali ya Kanisa ikiwemo. Waambie vijana hilo kwa sauti kubwa.

Mwisho: mtu atamtaja Mtakatifu Gianna Beretta Molla kama ushahidi kwamba mama lazima afe. Alikuwa daktari Italia, akapata uvimbe wa kizazi akiwa mjamzito mwaka 1961. Mafundisho ya Kanisa yalimruhusu aondolewe kizazi chenye uvimbe. Akachagua uvimbe uondolewe na kizazi kibaki. Binti yake alizaliwa 21 Aprili 1962, yeye akafa tarehe 28 kwa maambukizi ya tumbo. Alitangazwa mtakatifu 2004 kwa sababu alitoa zaidi ya alichodaiwa. Ukisema alidaiwa, umeupunguza utakatifu wake na umewatisha mabinti bure.

---

Mwanakanoni

Swali la nne. Kanuni ya 1397 §2 ya Sheria za Kanisa (zamani 1398, namba zimehama kwa marekebisho yaliyoanza kutumika 8 Desemba 2021): anayesababisha utoaji mimba, na mimba ikatoka kweli, anajipatia adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo, bila kusubiri tamko la askofu. Inawagusa pia walioshiriki kwa namna ambayo bila wao tendo lisingefanyika (kanuni ya 1329 §2): mtoa huduma kwa kawaida, na mara nyingine mwanamume aliyelipa na kushinikiza.

Ila soma na kanuni za 1323 na 1324, ambazo wahubiri huzisahau. Hapati adhabu hiyo ambaye hajatimiza miaka 16. Mwenye zaidi ya 16 lakini chini ya 18, hapati ile ya papo hapo. Asiyejua, bila kosa lake, kwamba kuna adhabu inayoambatana na kosa hilo, hapati. Aliyetenda kwa hofu kubwa, kwa mfano aliyetishiwa kufukuzwa nyumbani usiku ule, hapati. Aliyejaribu na mimba isitoke, hapati. Dhambi inabaki dhambi na inaungamwa, lakini binti wa miaka 17 aliyepelekwa na shangazi yake kwa lazima hajatengwa na Kanisa. Usimwambie ametengwa.

Kuhusu padre: tangu Barua ya Papa Fransisko Misericordia et Misera ya 20 Novemba 2016, namba 12, kila padre mwenye ruhusa ya kuungamisha anaweza kuiondoa dhambi hii. Hakuna safari ya kwenda kwa askofu. Ikitokea adhabu nayo ipo, padre ana njia yake ndani ya kitubio (kanuni ya 1357), naye atamweleza muungamaji la kufanya.

Sheria ya nchi ni jambo tofauti, usichanganye. Tanzania, Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152: anayemtoa mwingine mimba hadi miaka 14 jela, mwanamke mwenyewe hadi 7, anayetoa dawa au vifaa akijua hadi 3. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama.

---

Wa Nakuru

Kwa wenzetu wa Kenya: Katiba ya 2010, Kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha 26(4) inakataza utoaji mimba isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Neno "afya" ni mojawapo ya mambo yaliyowafanya maaskofu Wakatoliki waipinge katiba yote kwenye kura ya maoni ya Agosti 2010. Ukilinganisha na alichoandika Mkunga utaona walikuwa wanaona wapi tofauti: "kutibu ugonjwa" ni kitu kimoja, na "afya", bila mpaka, ni kitu kingine.

---

Katekista wa Kigango

Mungu awabariki. Limebaki la ubakaji hasa. Na swali jingine ambalo sikuliandika: kijana wa kiume aliyelipia, kisha akaungama, je anaweza kwenda seminari?

---

Mama WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania)

Mwanangu, la ubakaji usilianze na katazo. Lianze na saa 72.

Binti apelekwe hospitali kwanza, asioge, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Ile ya nailoni inaozesha ushahidi. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU ianze ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na inamezwa siku 28 bila kukatisha. Fomu ya polisi namba 3, PF3, inahitajika kwa kesi. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono polisi, daktari na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Asicheleweshwe matibabu kwa sababu ya fomu.

Mimba: mwanamke aliyebakwa ana haki ya kujikinga na mbegu za aliyemvamia. Maaskofu wa Marekani (kipengele cha 36 cha mwongozo ule ule) wanakubali apewe dawa ya kuzuia yai lisitoke, ikiwa vipimo havionyeshi kwamba mimba imekwisha kutungwa. Maaskofu wa Ujerumani walisema jambo la karibu na hilo mwaka 2013. Hapo huhitaji kumwambia binti aingoje mimba.

Mimba ikishatungwa, hoja ni ile ile ya ubaoni: mtoto ni mtu wa tatu, hakubaka. Ila ukiishia hapo watakuzomea, na watakuwa na haki. Anayebeba mimba hiyo anahitaji mahali pa kulala pasipo na aliyembaka, kwani mara nyingi ni ndugu au jirani. Anahitaji fedha ya kliniki na mtu wa kumsindikiza mahakamani. Anahitaji pia kujua kwamba akijifungua si lazima amlee. Kuna ustawi wa jamii, na kuna vituo vya masista. Kabla ya semina nenda kaulize: parokia ina nini hasa cha kumpa binti kama huyo wiki hii? Kama jibu ni "sala", kaa na Paroko na jumuiya mpange kwanza. Hata mfuko mdogo wa nauli na vifaa vya kujifungulia ni mwanzo.

Na wanafunzi: tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu waliojifungua kurudi shule katika mfumo wa kawaida. Wazazi wengi bado hawajui, wanamshauri binti atoe "ili asipoteze shule". Andika hilo ubaoni pia.

---

Mwanakanoni

La seminari. Anaweza kuingia, lakini kabla ya daraja ana kizuizi. Kanuni ya 1041, namba 4: aliyesababisha utoaji mimba uliotimia, na wote walioshirikiana kikamilifu katika tendo hilo, hana sifa ya kupewa daraja takatifu mpaka aondolewe kizuizi. Maungamo pekee hayakiondoi, na watu wengi hukwama hapa. Tena, tofauti na kutengwa, kutojua hakumwokoi (kanuni ya 1045): hata kama hakuwahi kusikia kwamba kizuizi kipo, anacho.

Kuondolewa ni kwa Roma, iwe jambo linajulikana au ni la siri (kanuni ya 1047 §2). Likiwa la siri, muungamishi hupeleka maombi kwenye Idara ya Toba ya Kitume bila kutaja jina la mwombaji. Ombi litaje idadi ya mara alizoshiriki, la sivyo kibali ni batili (kanuni ya 1049 §2). Alishiriki mara mbili akaandika moja, hajaondolewa kitu.

Kwa hiyo kijana aseme kwa muungamishi wake mapema, mwaka wa kwanza, asingoje wiki ya ushemasi. Majibu huchukua muda.

---

Mkunga wa Zamu

Nyongeza moja ya wodini, kwa sababu wauguzi vijana nao watakuwa kwenye semina. Kijusi kikitoka hai, hata cha wiki 16, kibatizwe kadiri inavyowezekana (kanuni ya 871). Yeyote anaweza, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya lifanywalo na Kanisa. Maji safi ya kawaida, yatiririke juu ya kichwa. Kulowesha kwa pamba hakutoshi kama maji hayatembei. Maneno: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Ukiwa na shaka kama yu hai, anza na "Kama u hai". Akiwa ameshafariki kwa hakika, habatizwi. Katekisimu namba 1261 inamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na mama aulizwe kama anataka mwili wa mtoto azike. Muulize kabla ndoo haijaondolewa.